Filta ya FX6 kwa kobe wa maji wakubwa: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nianze na jibu, maana wengi mnaoulizia filta hii mmeshaandaa pesa. Fluval FX6, filta ya mtungi inayokaa nje ya tangi, inamfaa kobe wa maji mkubwa, ila usiichukue namba ya kwenye boksi kama ilivyo. Boksi linasema inatosha tangi la hadi lita 1500. Hizo ni lita za samaki. Kwa kobe mimi naigawa kwa tatu: lita 500, kobe mmoja aliyekomaa, wawili ikiwa una bidii ya kubadilisha maji.

Yangu inafanya kazi kwenye hori la plastiki la kunyweshea ng'ombe, lile la galoni 150 linalouzwa kwenye maduka ya wakulima hapa Marekani. Likijaa pomoni linachukua lita 568, lakini mimi naishia 450 ili kobe asifikie ukingo akatoka. Ndani yumo kobe jike mwenye masikio mekundu (red-eared slider), gamba lake sentimita 28. Kanuni ya wafugaji wa huku ni galoni 10 kwa kila inchi ya gamba, yaani lita 38 kwa kila sentimita mbili na nusu, kwa hiyo tupo kwenye kiwango, bila ziada kubwa.

Kabla ya filta yenyewe, lazima tuelewane kuhusu uchafu wa kobe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea kununua. Samaki anapumua kwa matamvua ndani ya maji hayohayo. Amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ikipanda anakufa mapema, na mwenye tangi anajua kuna shida. Kobe anavuta hewa kwa mapafu. Anaweza kukaa miezi kwenye maji yenye amonia, anakula, anaota taa, hadi siku macho yanavimba au gamba linaanza kuoza. Ndiyo maana wengi huamini kwamba maji yanayoonekana meupe ni masafi. Halafu kobe hana adabu mezani: anararua chakula kwa makucha, nusu inazama, na anajisaidia humohumo muda mfupi baada ya kula. Ongeza ngozi na magamba anayobambua. Mzigo wa namna hiyo filta haiuondoi. Inaukusanya tu mahali pamoja. Kinyesi kilicho ndani ya filta bado kimo ndani ya maji, maana maji yanapita juu yake saa 24. Hakijatoka mpaka wewe ukitoe.

Sasa tuje kwenye nguvu yake. Pampu ikiwa tupu inasukuma lita 3500 kwa saa. Ikiwa na sponji na vikapu ndani, mtengenezaji mwenyewe anataja lita 2130, na hiyo ndiyo namba ya kushika. Kwa lita zangu 450 ni mzunguko wa karibu mara tano kwa saa siku filta ikiwa safi. Kuipima ni rahisi: chukua ndoo ya lita 20, toa mpira wa kurudishia maji, ushike usawa uleule unaokaa siku zote, uanze kuhesabu. Filta iliyotoka kuoshwa inajaza ndoo kwa sekunde 34 hivi. Ikifika dakika nzima, mtiririko umeshuka hadi lita 1200, na mimi siku hiyo naifungua. Usingoje maji yaanze kuchafuka, utakuwa umechelewa wiki nzima.

Bila kinga ya mbele, filta yangu ilikuwa inafika dakika nzima kwa siku 12. Sasa inakwenda wiki sita hadi saba. Tofauti yote imeletwa na kitu cha bei ndogo kuliko mpira wake wa kuziba mfuniko. Nimetafuta kikapu cha plastiki chenye matundu, ukubwa wa ndoo ndogo, nikakijaza sponji ngumu ya bwawa yenye vishimo vikubwa, na bomba la kunyonyea likaingia katikati ya sponji. Kikapu nimekifunga kwa vibano vya plastiki kwenye fremu ya bomba la PVC ili kobe asikisukume. Usiache sponji wazi. Kobe mkubwa ataimega na kuimeza, na sponji ikikwama tumboni ni kazi ya daktari wa mifugo. Vipande vya majani na kinyesi vinabaki kwenye kikapu, na kila baada ya siku tatu nakiinua taratibu, nakiweka kwenye ndoo kabla hakijachuruzika, nasuuza na kurudisha. Ni dakika tano. Nikiruka zamu moja, naona kwenye ndoo ya kupimia.

Ndani ya filta kuna sponji zinazozunguka vikapu na vikapu vitatu katikati, nafasi ya jumla lita 5.9. Sponji nimeziacha zilivyokuja. Vikapu viwili nimejaza vigae vya keramiki vya kukalia bakteria, na cha tatu sponji ya kati. Pamba laini nilijaribu nikaitoa: kwa samaki inang'arisha maji, kwa kobe inaziba ndani ya siku nne na kukaba filta nzima. Kaboni (mkaa wa kusafishia maji) huwa naiweka tu maji yakiwa na rangi ya chai au harufu, naitoa baada ya wiki tatu, kwa sababu ikishajaa haifanyi kazi tena na inakalia nafasi ya bakteria.

Hao bakteria ndio filta yenyewe, plastiki ni nyumba yao tu. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, la pili linageuza nitriti kuwa nitreti. Filta mpya inahitaji wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Kwa hiyo usizime filta ya zamani siku unapofunga mpya; ziache zifanye kazi pamoja mwezi mzima. Na kosa linaloua kazi yote hiyo ni kuosha kila kitu kwa maji ya bomba. Miji mingi huku inatia kloramini, dawa ya kuua vijidudu iliyo jamii ya klorini, na kloramini haitoki kwa kuacha maji yakae usiku kucha kama tulivyozoea na klorini. Mimi nasuuza sponji kwenye ndoo ya maji ya hori lenyewe, nusu ya sponji leo, nusu nyingine safari ijayo. Vigae vya keramiki navitikisa tu mara mbili kwenye maji hayo. Vikibaki na rangi ya kahawia, sawa, ndivyo vinavyotakiwa viwe.

Kuifungua kwenyewe kunataka utaratibu. Chomoa umeme kwanza, kisha funga koki zote mbili za juu. Chini ya filta kuna koki ya kumwagia maji: unganisha mpira, uelekeze kwenye ndoo au bustanini, fungua. Hili ndilo jambo ninaloipendea FX6 kuliko filta nyingine za nje nilizowahi kutumia, kwamba tope la chini linatoka lenyewe bila kuinua mtungi wenye karibu kilo 20 za maji. Hata siku ambazo siioshi, kila wiki mbili namwaga lita tano hivi kwa koki hiyo, na yale maji ya kwanza ni meusi tii.

Mpira wa kuziba mfuniko ndio unaovujisha, na karibu kila mara sababu ni chembe ya mchanga. Uvute wote kwenye mfereji wake, uufute kwa kitambaa, pitisha kidole kwenye mfereji mzima hadi usisikie punje hata moja, kisha paka grisi ya silikoni nyembamba kiasi cha kung'aa tu. Usitumie mafuta ya kupaka mwilini ya jamii ya petroli, yanaweza kulainisha na kutanua mpira. Vibano vya mfuniko vikaze kwa kukatiza, hiki kisha cha upande wa pili, kwa mkono tu. Ukivikaza kwa kuzunguka, mpira unabanwa upande mmoja na kuinuka upande mwingine. Weka gazeti kavu chini ya filta usiku wa kwanza. Tone moja asubuhi linaonekana wazi kwenye karatasi.

Ukiiwasha, itanguruma dakika moja na zaidi, halafu itazima. Haijaharibika. Inatulia dakika mbili hivi ili hewa iliyonaswa itoke, kisha inaendelea, na itarudia mapumziko hayo kila baada ya saa 12. Kama kelele ya kokoto haiishi baada ya siku nzima, kuna hewa inaingia kwenye kiungo cha mpira wa kunyonyea, au kipanga cha pampu, yaani kile kipangaboi kidogo kinachozunguka na kusukuma maji, kimefunikwa na utelezi. Kipanga hicho nakisafisha kwa mswaki wa zamani kila miezi mitatu.

Kuna jambo moja la vipimo ambalo wenye kobe lazima wafikirie kabla ya kulipa. Filta ina kimo cha sentimita 53 na inajazwa na maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye tangi, kwa hiyo uso wa maji lazima uwe juu ya mfuniko wake. Hori langu lina kimo cha sentimita 64. Likikaa sakafuni na maji yakiwa pungufu, uso wa maji na mfuniko vinakaribia kulingana, na filta haijazi. Nimeinua hori juu ya matofali ya saruji ya sentimita 20, yakiwa yamepangwa chini ya kitako chote, kwa sababu lita 450 ni kilo 450 na plastiki hupasuka inapoachwa ikining'inia. Hili lifanye ukiwa chumba cha chini au kwenye sakafu ya zege.

Filta haiondoi nitreti. Hilo ni la kubadilisha maji, na mwamuzi ni kipimo. Natumia kile cha matone cha kampuni ya API. Chupa ya pili ya nitreti inagandisha dawa chini: usipoitikisa sekunde 30 kwa nguvu, kisha kichupa cha kipimo dakika nzima, rangi itabaki ya njano na utajidanganya kwamba maji ni safi. Nina uhakika nusu ya watu wanaosema "kwangu nitreti ni 5" (miligramu kwa lita) hawatikisi. Kwangu nitreti inapanda haraka, hivyo kila Jumamosi natoa asilimia 40 ya maji. Amonia na nitriti ziwe sifuri daima. Zikionekana, ama umeosha filta kupita kiasi ama umelisha kupita kiasi. Maji mapya nayatibu kwa Seachem Prime, dawa ya kuondoa klorini na kloramini, mililita 5 kwa lita 200, nikipiga hesabu ya ujazo wa hori zima kwa kuwa namimina moja kwa moja kutoka bombani, na joto lisipishane na la ndani zaidi ya nyuzi mbili.

Maji machafu ya filta usiyamwage kwenye sinki la jikoni, na ndoo zake zisifanye kazi nyingine. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata akiwa mzima kabisa. Ndiyo sababu tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi nne, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Kwenye maua na miti maji hayo ni mbolea nzuri. Kwenye mchicha na saladi, hapana.

Kwa ndugu walio Dar, Nairobi au Kampala, la kuuliza kabla ya yote ni umeme. Filta ya mtungi imefungwa, na ikizimika, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani kwa saa chache, kisha wanaanza kufa. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, fungua mfuniko, toa vikapu uviweke kwenye beseni la maji ya tangi penye hewa, na ukipata pampu ndogo ya hewa ya betri, ichomeke hapo. Ukichelewa na ukafungua ukakuta harufu ya yai viza, usiwashe. Mwaga maji yote yaliyomo, suuza, ndipo uwashe, la sivyo sumu yote inarudi kwa kobe kwa mpigo mmoja. Hakikisha pia unanunua ya volti 230 na si ya 120 iliyobebwa kwenye mzigo kutoka Marekani.

Matumizi yake ni wati 43, kama uniti 31 kwa mwezi. Waya uache ulegee ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni, na soketi iwe na kinga ya kukata umeme.

Ukipata ya mtumba kwa nusu bei, inafaa kuichukua, lakini omba uione ikiwa imefunguliwa. Tazama mpira wa mfuniko kama umekakamaa, zungusha kipanga kwa kidole uone kama ekseli haina mchezo, na fungua ile koki ya chini ukiwa na maji ndani. Mpira na kipanga vinauzwa peke yake. Mtungi wenye ufa karibu na koki, uache hapohapo.