Tamoksifeni ya miligramu 20: maoni yangu baada ya miaka mitano

Nimemeza kidonge kimoja cha dawa hii ya saratani ya matiti kila siku kwa miaka mitano, na thamani yake naiona hasa katika namna kinavyofanya kazi ndani ya seli. Uvimbe wangu, kama zilivyo saratani nyingi za matiti, ulikuwa na vipokezi vya estrojeni kwa wingi, yaani protini ambazo, zikishashikwa na homoni hiyo, hujibandika kwenye DNA na kuwasha jeni zinazoisukuma seli igawanyike, ikiwamo jeni ya saiklini D1, protini inayoiwezesha seli kuanza kugawanyika. Tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni, hubadilisha umbo la kipokezi, na jeni hizo hubaki zimezimwa. Dawa hii iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962 bado inastahili sifa kubwa.

Hata hivyo, joto la ghafla usiku lilinitesa mwaka wote wa kwanza. Aidha, kwa kuwa katika mji wa mimba dawa hiyo hiyo huchochea seli badala ya kuzizuia, nililazimika kumweleza daktari mara moja kila nilipotokwa na damu isiyo ya kawaida. Simshauri mtu aianze kabla uvimbe wake haujapimwa vipokezi, kwani pasipo vipokezi hivyo dawa haina cha kuzuia.