Duka la dawa Mwanga, Kigoma: bomba la mia tatu ndo limemnywesha mwanangu

Jamani hawa wadada wa duka la dawa pale Mwanga wapewe maua yao. Mwanangu ana mwaka na miezi nane, alitoka vidonda mdomoni, kwenye ulimi na kule nyuma kooni, siku ya pili ziwa hataki uji hataki, akiona tu kikombe anageuza shingo analia. Duka la kwanza nililoingia waliniuzia jeli ya ganzi bila hata kuuliza umri.

Nikapanda boda toka Gungu mpaka Mwanga. Dada wa pale kabla ya kuuza kitu akauliza mtoto kakojoa saa ngapi mara ya mwisho, akilia machozi yanatoka? Akamulika mdomo kwa tochi ya simu. Ile jeli aliposoma boksi akasema mama hii weka pembeni, ina benzokaini, chini ya miaka 2 hawapakwi, inaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Nilitetemeka maana nilishapaka mara moja.

Akampima, kilo 11, akanipa paracetamol ya maji, 5 ml kila baada ya masaa sita, isizidi mara nne kwa siku. Halafu akanielekeza kitu ambacho mimi nilikuwa nakifanya kinyume kabisa, yani mpe dawa kwanza, kaa kama nusu saa maumivu yapoe, hapo ndo umpe cha kunywa. Na bomba lisilo na sindano, shilingi mia tatu tu, unapitisha pembeni ya shavu lisiguse vidonda, unasukuma kidogo anameza, unapumzika, tena kidogo. Maji ya ORS (yale ya kurudisha maji mwilini) ya baridi, maziwa ya baridi, hata kulamba barafu ya maziwa sawa, ila chungwa na ukwaju hapana, vinachoma.

Usiku ule bomba la kwanza alikunja uso akameza, la nne akalishika mwenyewe na mkono akalivuta mdomoni, nililia jamani.

Aliniambia pia akikaa masaa nane bila kukojoa, au macho yakiingia ndani, au akilegea, nikimbie hospitali ya Maweni usiku huohuo nisingoje kukuche.

Kasoro ni foleni ya jioni na benchi ni moja tu, wamama mnasimama na watoto mgongoni. Nendeni asubuhi, na mbebe mtoto mwenyewe, maana bila kumpima kilo hawakutajii kipimo cha dawa.