Everything kwenye draivu za ofisi: programu nzuri, mradi iwekwe upande wa seva

Mtu yuko ndani ya draivu Z, yaani folda ya seva ya ofisi, anaandika "mkataba pango" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha mstari wa kijani unatambaa juu ya dirisha mpaka chai inapoa. Kwa kawaida Windows haina faharasa (orodha ya faili iliyoandaliwa mapema) ya draivu za mtandao, kwa hiyo kila utafutaji ni kuingia folda baada ya folda kupitia waya. Everything, programu ya bure ya voidtools, inalimaliza tatizo hilo. Ila ukiiweka kama wengi wanavyoiweka, yaani kila kompyuta ielekezwe Z na basi, seva ndiyo itakayolia.

Kasi yake inatokana na diski za NTFS, mpangilio wa faili wa kawaida wa Windows. Badala ya kupita folda, Everything inasoma moja kwa moja MFT, jedwali ambamo NTFS huandika jina la kila faili, kisha inafuata mabadiliko kwenye USN Journal, daftari ambamo NTFS huandika kila badiliko. Windows 10 mpya yenye faili kama 120,000 inaorodheshwa kwa sekunde moja hivi. Faili milioni 1 zinakula RAM ya MB 75 hivi, na kompyuta kongwe ya mapokezi inamudu hilo bila shida. Kupitia mtandao, lakini, MFT haionekani. SMB, itifaki ya Windows ya kugawana folda mtandaoni, inakupa orodha ya folda tu, na Everything inarudi kutembea kwa miguu kama wengine. Tofauti ni kwamba inatembea mara moja, inakumbuka, na baada ya hapo majibu yanatoka kwenye RAM ya kompyuta yako.

Njia ya kawaida ni kwenda Tools > Options > Indexes > Folders, bofya Add, andika njia kamili kama \\SEVA\Uhasibu. Usiandike Z:. Everything ikiendeshwa kwa haki za msimamizi, draivu zilizounganishwa na mtumiaji wa kawaida haizioni kabisa. Folda inabaki tupu, na mtu anashinda siku nzima akiulaumu mtandao. Njia kamili inakwepa mtego huo. Bora zaidi, washa Everything Service (sehemu yake inayosoma diski chinichini kwa haki za juu) na uondoe alama kwenye Run as administrator.

Ratiba ya kupitia folda upya inakuja ikiwa 3:00, yaani saa tisa usiku, wakati kompyuta nyingi za ofisi zimezimwa. Ihamishie muda wa kazi, na kila kompyuta ipewe saa yake: kumi na tano zikianza kuzunguka folda zote kwa pamoja, hata kufungua faili la Excel kutakuwa kwa kubahatisha. Kuna pia chaguo la kufuatilia mabadiliko papo hapo. Liwashe, lakini usiliamini sana. Taarifa za mabadiliko kupitia mtandao zinapita kwenye bafa (hifadhi ndogo ya muda) isiyozidi KB 64. Mtu akinakili folda yenye maelfu ya picha, bafa inajaa na baadhi ya taarifa zinapotea. Ndiyo maana kuna Rescan on full buffer, ambayo nayo inaanzisha mzunguko mzima upya.

Kwa watu watatu au wanne, njia hiyo inatosha. Wakizidi hapo, tengeneza orodha mahali faili zilipo na uwagawie wengine. Everything ina aina yake ya faili kwa kazi hii, EFU (si EFD, ile mashine ya risiti): ni CSV ya kawaida, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, yenye jina, ukubwa na tarehe, hata Excel inaifungua. Kwenye seva weka faili la .bat (faili la amri za Windows) lenye mistari hii miwili:

start "" /wait "C:\Program Files\Everything\Everything.exe" -create-filelist "D:\Kazi\uhasibu.efu" "\\SEVA\Uhasibu"
copy /y "D:\Kazi\uhasibu.efu" "D:\Uhasibu\_orodha\"

Liingize kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, kila dakika 30, kwa akaunti yenye ruhusa ya kusoma folda yote. Angalia kwamba njia iliyotajwa ni \\SEVA\Uhasibu, si D:\Uhasibu, ingawa tuko kwenye seva yenyewe. Orodha inahifadhi njia vilevile ulivyoiandika. Ukiweka D:, mtumiaji atabofya jibu na kompyuta yake itaenda kutafuta kwenye D yake mwenyewe, ambayo huenda ni flashi. Mstari wa pili ni copy, si move, kwa sababu faili linalohamishwa ndani ya diski ileile linabaki na ruhusa zake za zamani, ilhali lililonakiliwa linachukua ruhusa za folda linapoingia. Na hizo ndizo tunazozitaka: orodha ya Uhasibu ikae ndani ya Uhasibu, ili asiyeruhusiwa kuingia humo asione hata majina. Kila idara iwe na orodha yake.

Kwa watumiaji, nenda Indexes > File Lists, ongeza \\SEVA\Uhasibu\_orodha\uhasibu.efu, weka alama kwenye Monitor changes. Kazi imeisha. Kasoro yake ni moja: faili lililoundwa dakika kumi zilizopita huenda lisionekane hadi orodha ijayo. Ofisi yenye NAS (kisanduku cha diski za mtandao) bila seva ya Windows inaweza kuachia kompyuta moja isiyozimwa ifanye kazi hiyo. Kama NAS ni Synology, folda za @eaDir na #recycle zisiingie kwenye orodha, la sivyo majibu yatajaa vijipicha na takataka.

Ipo pia seva ya ETP ndani ya Everything, inayojibu utafutaji wa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Hii inasoma MFT ya seva na kuwapa wateja majibu ya papo hapo, bila kusubiri dakika 30. Kwa kasi hakuna kinachoifikia. Shida ni kwamba haijali ruhusa: kila anayeunganishwa anaona majina ya faili zote zilizo kwenye faharasa. Hawezi kufungua "Barua ya kuachishwa kazi - Dereva.docx", lakini jina limeshasema yote. Tena nywila inapita mtandaoni bila kufichwa. Upakuaji wa faili kupitia ETP au HTTP (seva yake nyingine, ya kutumia kivinjari) ndio mbaya zaidi, kwa kuwa programu inatoa faili kwa haki zake yenyewe, si za anayeomba. Uzime. Kwa ofisi yenye mishahara kwenye seva ileile, ETP tungeiacha kabisa.

Katika matumizi, mtu wa kawaida anahitaji kujua mambo machache tu. `mkataba pango ext:pdf` inaleta PDF zenye maneno yote mawili, kwa mpangilio wowote. `dm:today` ni zilizobadilishwa leo. `size:>500mb` inamfichua aliyejaza seva video za harusi. `!~$` inaondoa vivuli, yaani faili za muda zenye ~$ ambazo Word huunda hati ikiwa wazi.

Usiitumie kutafuta maneno yaliyo ndani ya faili. Toleo la 1.4 lina `content:`, lakini halina faharasa ya yaliyomo, kwa hiyo linafungua faili moja moja kupitia mtandao. Bila kulipunguzia uwanja kwanza kwa folda na ext:, utasubiri kuliko mwanzo. Kwa hilo weka Windows Search Service kwenye Windows Server (Add Roles and Features, kisha Indexing Options uchague folda). Explorer ya mtumiaji inauliza faharasa ya seva, na majibu yanafuata ruhusa zake. Ni nzito na haina wepesi wa Everything kwenye majina, ila inasoma ndani ya Word na Excel. Kwa kawaida barua iliyoskaniwa kama picha haitapatikana kwa yoyote kati ya hizo mbili, isipokuwa kama jina la faili limeandikwa na mtu mwangalifu.