TAHADHARI: Ukiambiwa na fundi wa gari "masega yamekufa", usilipe kabla ya kusoma hapa

Wakuu, hili limenikuta mwenyewe na bado linaniuma, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kwa hasira kidogo.

Tuna minivani ya viti saba, injini ya V6, ndiyo inayobeba watoto, bibi yao na kila mzigo wa nyumbani. Siku moja taa ya injini ikaanza kupepesa tukipanda mlima, gari linatetemeka kama lina homa. Baadaye mtetemo ukakoma, taa ikabaki imewaka tu. Nikalipeleka gereji moja yenye sura ya heshima, sakafu safi, mafundi wamevaa sare. Jina siwataji.

Wakachomeka mashine ya kupima. Dakika mbili hazijaisha, fundi akatikisa kichwa: "Masega yamekufa, bosi. Pande zote mbili."

Kwa asiyejua, masega ni lile kopo la chuma kwenye ekzosi ambalo ndani yake kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki. Kazi yake ni kusafisha moshi. V6 kwa kawaida ina kopo moja kila upande wa injini, na magari mengine yana jingine chini ya sakafu. Bei niliyotajiwa ilikaribia theluthi ya thamani ya gari zima. Nikauliza mbona hivyo, nikaambiwa ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Hapo hakudanganya. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita bei ya dhahabu zaidi ya mara kumi, na ndiyo maana kuna wezi wanaolala chini ya magari ya watu usiku na misumeno. Sasa kama mapya ni ghali kwa sababu ya madini, yale ya zamani yana nini ndani? Swali hilo halikunijia. Nikalipa, nikaondoka, makopo yangu nikawaachia.

Wiki ya tatu taa ikarudi. Gereji wakasema ni mafuta mabaya, nitie dawa kwenye tangi. Nikatia. Nikanunua na chupa ya pili, mtu mzima na akili zangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi niliyeelekezwa na jirani. Swali lake la kwanza: "Ile siku ya kwanza mashine ilisoma nini?" Bahati nzuri mke wangu alikuwa amepiga picha kioo cha mashine. Kodi, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari, zilikuwa mbili, P0303 na P0420. Mzee akacheka, ila si kicheko cha furaha.

P0420, inayosema masega hayasafishi moshi vya kutosha, inahusu upande wa kwanza wa injini peke yake. Upande wa pili una kodi yake, P0430, na kwenye picha haikuwepo. Maana yake nililipia masega ya upande uliokuwa mzima. Na P0303 maana yake silinda ya 3 inakosa moto. Kwetu ilikuwa koili ya plagi, ile inayoipa plagi umeme wa kuwashia petroli, leo inashika, kesho haishiki. Petroli isiyoungua inateremka kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kauri inayeyuka. Ile taa ilipopepesa ilikuwa inapiga kelele kuhusu jambo hilo. Koili hawakuigusa, walifuta kodi basi.

Tukalinyanyua gari. Upande wa kwanza kuna kopo fupi la kuchomelea, halina namba yoyote iliyogongwa kwenye chuma. Upande wa pili kuna kopo letu lilelile, limepakwa rangi ya fedha, lina mshono mpya. Mzee akaligonga kwa nyundo ya mpira, likalia kama debe tupu. Walilikata, wakachomoa masega, wakalifunga tena! Na ile sensa ya oksijeni ya nyuma, inayopima moshi ukishapita kwenye masega, wakaiwekea kirefusho ili isikae ndani ya moshi, kompyuta ya gari ione mambo ni shwari. Nilipowarudia wakaniambia masega ya zamani ni taka, huwa wanatupa. Taka hiyo ina wanunuzi, ndugu zangu.

Kwa hiyo fundi akikutajia masega, mwambie akuonyeshe kodi zote, si moja, na upige picha. Kama kuna silinda inayokosa moto, au injini inakula oili au maji ya rejeta, hilo litengenezwe kwanza, la sivyo hata masega mapya yatakufa. Hata ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuwasha P0420 bure. Mwombe pia akuonyeshe usomaji wa sensa ya nyuma injini ikiwa imepata moto vizuri: masega mazima huifanya itulie, lakini ikipanda na kushuka haraka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9, hapo ana hoja. Gari likikosa nguvu kwa sababu ekzosi imeziba, kuna kipimo cha mgandamizo wa moshi ndani ya ekzosi, apime mbele yako.

Makopo ya bei nafuu si utapeli yenyewe. Yana madini kidogo, hayadumu sana, na mtu anaweza kuyachagua akijua. Utapeli ni kutozwa bei ya halisi ukafungiwa hayo. Halisi huwa na namba zilizogongwa kwenye chuma. Piga picha chini ya gari kabla na baada. Na kwenye makadirio yaandikwe kwamba vya zamani unarudishiwa mkononi. Fundi akianza kuguna kwenye kipengele hicho tu, chukua funguo zako. Walioko Marekani waangalie kwanza umri wa gari, maana sheria ya huko inampa mwenye gari dhamana ya masega ya miaka 8 au maili 80,000.

Koili mpya tumeshafunga, mtetemo umeisha. Masega bado najichanga, na safari hii kweli ni pande zote mbili, kama alivyosema yule bwana.