Kutoka Ryzen 5 1600 hadi Ryzen 7 5700X bila kubadili ubao mama

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Kompyuta ilikuwa na prosesa ya AMD, Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017, RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya GTX 1660 Super kwenye ubao mama wa B450. Kila nikilalamika kuwa inazidiwa, naambiwa ninunue kadi kubwa zaidi ya michoro. Kabla ya kutoa hela nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyofanya kazi, wakati video iliyohaririwa inatoka kuwa faili kamili: prosesa imegonga asilimia 100 na haishuki, kadi haifiki hata robo. Hadithi ya kadi ikaishia hapo.

Cha pili kilichonisukuma ni Windows 11. Ryzen za kizazi cha kwanza hazimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa inazozikubali, na Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kuipenyeza zipo, ila mashine yenye kazi za wateja siwezi kuichezea hivyo.

Kuhamia AM5, soketi mpya ya AMD ya kukalia prosesa, ni kununua ubao mpya na RAM ya aina mpya, DDR5, juu yake. AM4, soketi ya ubao wangu, ina raha yake: ubao ule ule unapokea prosesa za 2022. Nilisita kati ya Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5700X. Ya kwanza ni nafuu na inakuja na feni yake. Ya pili haina feni, lakini ina viini 8 badala ya 6, na kwenye video viini ndivyo vinavyolipa. Zote ni wati 65 kama ile ya zamani, kwa hiyo pawa saplai sikuigusa, na feni niliyokuwa nayo ikarudi kazini.

Cha kuogopa ni BIOS, programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta. Unaisasisha prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa, la sivyo unaweza kuweka mpya ukaishia kutazama skrini nyeusi. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, ubao unaweza kufa pale pale. Kwa umeme wetu wa Dar sikuthubutu mpaka jirani aliponiazima UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika.

Kisha feni. Pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikikauka kwa miaka huigandisha prosesa kwenye feni, na ukivuta kwa pupa inachomoka pamoja na feni, vipini vikapinda, hata kama umefunga kile kikono cha soketi. Iwashe kwanza ipate joto, izime, chomoa waya, legeza skrubu, halafu izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka uisikie ikiachia. Ile mpya, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, inazama yenyewe. Ukiona unalazimika kusukuma, umekosea upande.

Ilipowaka ikaniuliza kama nifute funguo za fTPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta. Mwenye diski iliyofungwa na BitLocker, kufuli la siri la Windows, asikubali kabla hajashika ufunguo wake wa akiba mkononi.

Matokeo? Filamu ya harusi iliyokuwa ikichukua karibu saa mbili kutoka sasa haimalizi saa moja na robo. RAM zangu za 3200, ambazo kwa prosesa ya zamani zilikuwa zikigoma kwenye kasi hiyo, zimetulia. Kuwaka kwa kompyuta hakujabadilika, maana SSD ni ile ile. Mdogo wangu anayecheza mpira humo anasema haoni tofauti, nami namwamini: kwenye gemu zake kadi ndiyo inayobana. Na feni inapiga kelele kuliko zamani kazi ikikolea. Nitatafuta kubwa zaidi.

Mwenye Ryzen 5 3600 anayefungua hati na intaneti tu, abaki na hela yake. Wa kizazi cha kwanza anayefanya kazi nzito, kwangu jibu ni ndiyo. Ukichukua ya mtumba, igeuze uimulikie tochi ya simu kwenye vipini, mstari kwa mstari, kabla hujalipa.