Mkasi wa kucha za mbwa wa shilingi 18,000: miezi mitano na Soksi wangu hapa Shangani

Mbwa wangu anaitwa Soksi kwa sababu mguu wake mmoja wa mbele ni mweupe na mitatu iliyobaki ni myeusi, kucha na zote. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo lililonionyesha ubora na ubovu wa mkasi huu.

Tunaishi Shangani, Mtwara. Matembezi yetu ni ya ufukweni, na mchanga laini hausagi kucha kama lami. Kucha zikawa zinagonga vigae usiku kucha, na ile ya pembeni, ya juu, isiyogusa chini kabisa, ilikuwa imejikunja karibu ichome nyama. Nikaagiza mkasi Dar kwa muuzaji wa mtandaoni: 18,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Ulifika kesho yake.

Kwa makali sina la kulalamika. Unakata mara moja, tak, bila kuponda. Kabla yake nilikuwa na ule wa tundu, unaingiza kucha kisha kisu kinasukumwa. Ulipoanza kuwa butu ukawa unaminya tu, na Soksi akawa anakimbia kila nikifungua droo. Vipini vya huu vina mpira, haviponyoki mkono ukiwa na jasho, na kwa joto la huku hilo si dogo.

Nisichokipenda ni kile kibati cha kuzuia kucha isiingie sana. Muuzaji alinihakikishia kuwa kikiwepo siwezi kumkata nyama. Si kweli. Ndani ya kucha kuna nyama yenye mshipa wa damu na neva, na kila kucha nyama yake imefika pake, kibati kitajuaje? Kwenye mguu mweupe wekundu ule nauona vizuri mwangani, nakata milimita mbili kabla ya kuufikia. Kwenye mweusi sikuona kitu, nikakiamini kibati, na kucha ya pili ikatoka damu. Soksi alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Nikaibandika unga wa ngano na kuubana dakika kama tano, damu ikakata. Mikono yangu iliendelea kutetemeka. Muuzaji nilimwandikia, hakujibu.

Kibati nimekifungua, ni skrubu moja tu. Sasa nakata vipande vyembamba na kutazama uso wa kucha baada ya kila kipande. Kikitokea kidoa cheusi katikati, naishia hapo. Narudia kila wiki tatu, kwa sababu ukikata kidogo kidogo mara kwa mara ile nyama ya ndani nayo hurudi nyuma.

Siku za mwanzo alinisaidia jirani, mama mtu mzima. Kwa dini yake hagusi mbwa, lakini alisimama barazani akinimulikia kwa tochi ya simu: "Polepole mwanangu, na huyo ana uchungu." Ndiye aliyeniuliza mbona Soksi analamba kidole kimoja tu. Nilipotazama, funza. Tangu hapo sigusi mkasi kabla ya kumwosha miguu, kumkausha na kupanua vidole kimoja kimoja kutafuta funza na kupe.

Kwenye pakiti wameandika chuma hakishiki kutu. Makali kweli hayajashika, ila springi ilianza kuwa nyekundu mwezi wa kwanza, kwa hewa hii ya chumvi. Tone la mafuta ya cherehani kila nikimaliza limeinusuru. Tupa ndogo iliyokuja nao ni laini mno, nimeitupa.

Ningenunua tena, bila kibati. Mwenye mbwa wa kucha nyeusi aanze na kucha moja kwa siku.

Jumapili iliyopita Soksi alilala mkekani akanyoosha mguu mweupe mwenyewe. Kwa ile myeusi bado nampa dagaa mmoja kila kucha.