Uzoefu wangu na kitasa kilichotumika cha mlango wa nyuma wa gari

Gari langu ni la Kijapani, liliingia nchini likiwa limekwishatumika. Kitasa cha mlango wa nyuma wa kushoto, upande wanaoketi watoto, kilianza kulegea: mlango ulifunga, lakini ukiusukuma kwa kiganja ulicheza, na taa ya mlango kwenye dashibodi ikawa inawaka kila tukivuka tuta. Nilinunua kitasa kilichotumika katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 70,000 pamoja na ufundi.

Ndani ya kitasa kuna chuma kinachozunguka na kung'ang'ania kile cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi, nacho hufunga kwa hatua mbili. Kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa, katika jaribio lake la kwanza la kuvuta, inataka kitasa kilichofunga kikamilifu kihimili nguvu ya nyutoni 11,000, yaani zaidi kidogo ya uzito wa tani moja, ilhali kilichoishia hatua ya kwanza kinatakiwa kuhimili 4,500 tu. Ndiyo maana mlango uliofunga nusu waweza kwenda nao mjini na kurudi salama, kisha ukaachia siku gari linapogongwa ubavuni.

Fundi alipendekeza tupulize mafuta na kusogeza chuma cha nguzoni, jambo linalofaa mlango uliokaa upande, si springi ya ndani ya kitasa iliyochoka. Springi si kitu cha kudharau: mwaka 2016 kampuni ya Ford iliyaita gereji magari yapatayo milioni 2.4, mengi yakiwa Marekani, kwa sababu kishikizo cha springi ndani ya kitasa kiliweza kukatika na mlango kufunguka safarini.

Kabla ya kulipa nilikijaribu kitasa kikiwa mkononi. Ukikizungusha kile chuma cha ndani kwa bisibisi lazima kilie mara mbili, kisha ukivuta waya wa kufungulia kirudi chenyewe kwa nguvu. Cha kwanza nilichopewa kilirudi kivivu kwa grisi iliyoganda vumbi, nikakikataa. Nilichochukua kinashika vizuri hadi leo, mlango hauchezi, na taa imetulia.

Ninachokilalamikia ni dhamana. Muuzaji aliahidi kwa mdomo kwamba kikisumbua nitabadilishiwa, lakini risiti aliyonipa imeandikwa "spea" tu, bila aina ya gari wala upande wa mlango.